Pori la Akiba Kilombero

Pori la Akiba Kilombero ni eneo la hifadhi ya wanyamapori katika mbuga za majani za bonde la mto Kilombero, Mkoa wa Morogoro, nchini Tanzania. Tangu mwaka 1952 hadi 2023 lilijulikana kama Pori Tengefu la Kilombero. Liko katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi, na mji mkubwa ulio karibu nalo ni Ifakara. Ni sehemu ya ardhioevu ya Bonde la Kilombero yenye ukubwa wa kilomita za mraba 7,967, ambayo iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar tarehe 25 Aprili 2002.

Watanzania wengi hulijua bonde hili kwa mchele wake. Wataalamu wa wanyama hulijua kwa sheshe, swala ambaye idadi yake kubwa kuliko mahali pengine popote duniani ilikuwa hapa. Mpunga na sheshe hutegemea mafuriko yaleyale ya kila mwaka, na historia yote ya hifadhi hii ni historia ya kugawana ardhi inayofunikwa na mafuriko hayo.

## Jina

Kilombero ni jina la mto, la bonde na la wilaya. Katika vitabu na ramani za zamani mto huohuo huitwa Ulanga, kwa hiyo mwanafunzi anayesoma maandishi ya wakati wa Wajerumani au Waingereza asidhani kwamba ni mito miwili. Siku hizi Ulanga ni jina la wilaya iliyo ng'ambo ya mto, ambayo makao yake makuu ni Mahenge. Wilaya ya Malinyi ilimegwa kutoka Ulanga.

Neno "mbuga" nalo linahitaji uangalifu. Katika magazeti "mbuga" ni hifadhi yoyote yenye wanyama, lakini kwa mkulima wa Tanzania mbuga ni uwanda wa majani wenye udongo mzito mweusi, unaotuamisha maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kilombero ni mbuga kwa maana zote mbili.

## Mto na mafuriko

Bonde limelala kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Sakafu yake iko kwenye kimo cha mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Luhombero katika Udzungwa kinafikia mita 2,576. Anayesimama Mang'ula au Mbingu huona ukuta wa milima ukisimama ghafla kutoka kwenye mashamba ya mpunga, bila vilima vya kuutangulia.

Mto huanza pale ambapo Ruhudji, Mnyera na Pitu hukutana baada ya kuteremka kutoka nyanda za juu za kusini. Njiani hupokea mito mingine mingi, ikiwemo Mpanga, Kihansi, Ruipa na Lumemo. Huu wa mwisho ndio unaopita Ifakara na kuingiza maji katika mitaa ya mji miaka ya mvua kubwa. Mwishoni mwa bonde Kilombero hukutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shuguli, na kuanzia hapo mto huitwa Rufiji. Eneo linalokusanya maji ya Kilombero ni kilomita za mraba 40,000 hivi, yaani nusu tu ya eneo la Ruaha Mkuu. Hata hivyo Kilombero huchangia takriban asilimia 62 ya maji yote ya Rufiji, kwa sababu milima inayozunguka bonde hupata mvua nyingi na mito yake mingi haikauki kiangazi.

Mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Mei. Sakafu ya bonde hupata milimita 1,200 hadi 1,400 kwa mwaka, na milimani hunyesha zaidi. Bonde likiwa tambarare kiasi hiki, mto hauwezi kubeba maji yote yanayoteremka kwa pamoja, hivyo hufurika kingo zake na kutandaa. Mwezi wa Machi na Aprili sehemu kubwa ya uwanda huwa kama ziwa lenye majani. Kuanzia Juni maji hurudi mtoni, yakiacha tope lenye rutuba, mabwawa na vijito vilivyokatika. Baadhi ya mabwawa, kama lile la Kibasira, hubaki na maji mwaka mzima.

Hapo ndipo inapopatikana sababu ya kuwepo kwa mbuga. Mvua ya bonde hili ingetosha kuotesha msitu, lakini miti mingi haivumilii kusimama majini kwa miezi kadhaa na kisha kupitiwa na moto wa kiangazi kila mwaka. Majani huvumilia yote mawili. Kandokando ya mto kuna matete. Palipo chini na penye maji mengi kuna majani mafupi yanayochipua mara maji yanapopungua. Palipoinuka kidogo kuna majani marefu yanayoweza kumzidi mtu urefu, pamoja na mivumo na miti iliyosimama mmojammoja. Vichuguu vya mchwa huwa visiwa wakati wa mafuriko, na juu yake huota vichaka ambavyo visingeweza kuota chini. Pembezoni mwa bonde, maji yasipofika, huanza miombo.

## Wanyama

Sheshe (Kobus vardonii) ni swala wa rangi ya dhahabu iliyokolea, mwenye kimo cha sentimita 80 hivi begani. Dume tu ndiye mwenye pembe. Kwa mbali hufanana na swala pala, lakini hana mistari myeusi matakoni. Ndugu yake wa karibu ni kuro, aliye mkubwa kuliko yeye na anayepatikana pia Kilombero. Sheshe haendi mbali na maji. Wakati wa kiangazi hushuka katikati ya uwanda kula majani mabichi yanayofuata maji yanapopungua, na mafuriko yakija husogea pembeni, karibu na miombo. Jambo hili la pembeni ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa ukingo wa mafuriko ndio mahali pa kwanza panapolimwa. Sheshe anayesukumwa na maji hukuta shamba.

Wakati bonde lilipoingizwa katika orodha ya Ramsar ilikadiriwa kwamba karibu robo tatu ya sheshe wote duniani walikuwa Kilombero. Wengine wako hasa Zambia, katika mabonde ya Luangwa na Kafue, na makundi madogo hupatikana katika nchi chache za jirani. Tangu hapo sheshe wa Kilombero wamepungua sana, na sehemu nyingi zilizokuwa na makundi makubwa hazina hata mmoja.

Wanyama wengine wakubwa ni nyati, tembo, viboko, mamba, simba na fisi. Kwa tembo bonde ni njia kuliko makao. Upande wa mashariki liko eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Upande wa magharibi ipo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 ikiwa na kilomita za mraba 1,990. Tembo walizoea kuvuka bonde kati ya pande hizo mbili kwa mapito yanayojulikana, hasa lile la Ruipa na lile la Nyanganje. Mapito hayo yamezibwa kwa mashamba, miwa na nyumba, kiasi kwamba karibu na Mang'ula ilibidi kutengenezwa njia ya tembo chini ya barabara ili wapite bila kukutana na magari.

Kwa upande wa ndege, bonde lina aina zisizopatikana popote pengine duniani. Kwera wa Kilombero (Ploceus burnieri), ndege wa manjano ambaye dume wake ana uso mweusi, alielezwa kisayansi mwaka 1990 tu, ingawa hujenga viota vyake katika matete ya kando ya mto ambapo wavuvi na abiria wa kivuko walikuwa wakimwona kila siku. Ndege wadogo wawili wa jenasi Cisticola wanaoishi katika majani hayohayo walijulikana kwa watafiti kwa miaka mingi bila kuwa na jina, hadi walipoelezwa rasmi mwaka 2021 kwa majina Cisticola bakerorum na Cisticola anderseni.

## Wakazi na kazi zao

Wandamba ndio wanaohesabiwa kuwa wenyeji wa uwanda wenyewe. Ni wavuvi, watu wa mitumbwi, na wakulima wa mpunga. Wambunga wako upande wa Ifakara, Wapogoro upande wa Mahenge na vilima vyake, na Wabena wa bondeni upande wa juu wa mto. Mwaka 1905 Wapogoro na Wambunga walijiunga na Vita vya Maji Maji, na tarehe 30 Agosti mwaka huo boma la Wajerumani la Mahenge lilishambuliwa. Kama ilivyokuwa mahali pengine kusini, vita hivyo vilifuatwa na njaa na kupungua kwa watu.

Maisha ya uwandani hufuata maji. Mashamba huandaliwa kabla na mwanzoni mwa mvua, mpunga hupandwa Desemba na Januari, na mavuno huwa kati ya Mei na Julai, maji yanapoondoka. Kwa kuwa mashamba yako mbali na vijiji, familia nyingi huhamia shambani kwa miezi kadhaa na kuishi katika vibanda. Mpunga unapoanza kukomaa kazi kubwa ni kuamia ndege: watoto na watu wazima hukaa juu ya dungu tangu alfajiri hadi jioni wakifukuza kwelea kwa kelele na kombeo. Walimu wa shule za bonde hujua vizuri majira haya, maana ndiyo majira ya madawati matupu.

Mbegu ya Supa hupendwa kwa harufu na ladha, ingawa mavuno yake si makubwa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ifakara, kilichojulikana kwa muda mrefu kama KATRIN, ndicho kilichosambaza mbegu ya SARO 5 yenye mavuno zaidi. Uvuvi huendelea mwaka mzima, lakini msimu wake mzuri ni maji yanapopungua na samaki kukusanyika mabwawani. Kambale na perege hukaushwa kwa moshi na kusafirishwa hadi miji ya mbali.

Kaskazini mwa bonde, Kidatu na Msolwa, miwa ya kiwanda cha sukari cha Kilombero imetawala tangu miaka ya 1960. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita chini ya Udzungwa kupitia Ifakara, Chita na Mlimba, na vijiji vya ujamaa vilipangwa kandokando yake. Reli ilifungua soko la mpunga na kuleta wahamiaji kutoka mikoa mingi. Mwaka 2010 bonde liliwekwa katika mpango wa kilimo wa ukanda wa kusini unaoitwa SAGCOT, kama moja ya maeneo ya kilimo kikubwa cha mpunga na miwa.

Wafugaji walianza kuingia kwa wingi katika miongo ya mwisho ya karne ya 20: Wamasai, Wabarabaig na hasa Wasukuma. Wengine walifika baada ya mwaka 2006, walipoondolewa katika bonde la Usangu, Mbeya, ili kuokoa maji ya Ruaha Mkuu. Hivyo hatua ya kuokoa mto mmoja ilihamishia sehemu ya tatizo katika mto mwingine. Wasukuma hawakuleta ng'ombe tu bali pia plau ya kukokotwa na maksai, na eneo ambalo familia moja inaweza kulilima liliongezeka mara nyingi. Kwa hiyo si sahihi kusema wafugaji peke yao ndio waliopunguza mbuga; ng'ombe hula majani na kuyaacha yaote tena, lakini shamba huyaondoa.

## Mpaka wa hifadhi

Ili kuelewa mgogoro wa Kilombero ni lazima kujua tofauti ya maneno ya kisheria. Katika hifadhi ya taifa hakuna makazi, kilimo wala uwindaji. Katika pori la akiba hakuna makazi wala kilimo, lakini uwindaji wa kitalii huruhusiwa kwa kibali. Pori tengefu lilikuwa kitu kingine kabisa: tangu wakati wa Waingereza sheria ilidhibiti uwindaji tu. Watu waliishi, walilima na kuchunga ndani yake bila kuvunja sheria yoyote, na baada ya Uhuru vijiji viliandikishwa humo, vikapata shule na zahanati. Pori tengefu la mwaka 1952 lilikuwa na kilomita za mraba 6,500 hivi na lilichorwa juu ya mashamba na kambi za wavuvi zilizokuwepo tayari. Kwa miaka hamsini na zaidi wanakijiji wengi hawakuhitaji kujua mpaka uko wapi.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ilibadilisha hali hiyo. Ilipiga marufuku kilimo na kuchunga mifugo ndani ya mapori tengefu. Sheria hiyohiyo ilimtaka Waziri kupitia upya orodha ya mapori tengefu ndani ya miezi kumi na miwili na kuhakikisha kwamba ardhi ya vijiji haimo ndani yake. Marufuku ilianza mara moja, lakini kazi ya kupitia mipaka ilichukua miaka mingi. Katika kipindi hicho mtu aliyelima shamba la babu yake aliweza kuwa mwanakijiji halali kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na papo hapo kuwa mvamizi kwa sheria ya wanyamapori.

Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali ilianza operesheni kubwa ya kuondoa mifugo katika ardhioevu, ambayo iliendelea hadi mwanzoni mwa 2013. Ng'ombe wengi waliondolewa. Mashirika ya kutetea wafugaji yalilalamikia namna operesheni ilivyoendeshwa na hasara waliyopata wenye mifugo, na mapigano kati ya wakulima na wafugaji hayakuisha. Baadaye sehemu ya mifugo ilirudi.

Njia nyingine zilijaribiwa pia. Vijiji vya eneo la Ifakara, Lupiro na Mang'ula viliunda jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori inayoitwa ILUMA, ambapo vijiji vyenyewe hutenga ardhi kwa ajili ya wanyama na kupata sehemu ya mapato. Mradi wa KILORWEMP, uliofadhiliwa na Ubelgiji, ulisaidia vijiji kupanga matumizi ya ardhi na kushughulikia suala la mpaka wa pori. Mwaka 2016 ujumbe wa ushauri wa Mkataba wa Ramsar ulitembelea bonde kutathmini hali ya ardhioevu. Ikumbukwe kwamba Ramsar haikatazi watu kutumia ardhioevu. Mkataba huo, uliosainiwa mwaka 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran, unataka matumizi ya busara, na uvuvi na kilimo cha mafuriko vinaweza kuwa sehemu yake.

Mwaka 2023 pori tengefu lilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba Kilombero, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kisheria utata wa zamani ulikwisha: ndani ya mpaka mpya hakuna kulima wala kuchunga. Kwa waliokuwa na mashamba yaliyoangukia ndani, badiliko hilo lilimaanisha kuondoka. Kwa sheshe, lilimaanisha kwamba kwa mara ya kwanza eneo lao la kiangazi lina ulinzi wa kweli, ingawa sehemu kubwa ya ukingo wanakokimbilia wakati wa mafuriko ni ardhi iliyokwisha kulimwa.

## Maji na umeme

Mojawapo ya sababu za serikali kulitilia mkazo bonde hili ni umeme. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kujazwa Desemba 2022 na mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024. Lina uwezo wa megawati 2,115, na maji yake mengi hutoka Kilombero. Uwanda wa mafuriko hufanya kazi ya sponji: hupokea maji ya masika, huyachelewesha na kuchuja tope kabla hayajaendelea mbele. Mifereji ya kukausha mashamba na kukata matete huharakisha maji na kuongeza mchanga mtoni.

Katika ukingo wa Udzungwa kuna mfano mdogo wa jinsi maji yanavyoweza kuamua maisha. Kituo cha umeme cha Kihansi chenye megawati 180, kilichoanza kazi karibu na mwaka 2000, kilichukua sehemu kubwa ya maji ya maporomoko ya Kihansi. Chura mdogo wa manjano (Nectophrynoides asperginis), aliyegunduliwa mwaka 1996, aliishi katika rasharasha za maporomoko hayo tu, kwenye eneo la hekta chache. Chura huyu hatagi mayai bali huzaa. Mitambo ya kunyunyizia maji iliwekwa, lakini mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Wale waliokuwa wamepelekwa katika bustani za wanyama nchini Marekani walizaliana, na mwaka 2012 wengine walirudishwa Kihansi.

## Usafiri

Ifakara hufikiwa kwa barabara kutoka Mikumi kupitia Kidatu, au kwa treni ya TAZARA. Kuvuka mto kwenda Lupiro, Mahenge na Malinyi kulitegemea kivuko kwa miaka mingi, na wakati wa mafuriko safari ilikuwa ya hatari. Januari 2016 kivuko kilizama. Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lilifunguliwa Mei 2018. Kutoka juu yake msafiri wa mwezi wa Aprili huona maji yakitandaa pande zote mbili za barabara, na mwezi wa Oktoba huona moshi wa majani yanayochomwa.